Habari Iliyotoka Nje ya Lango

Ninafundisha darasa la Biblia katika kanisa dogo la mtaa wa Muyeye, hapa Malindi, na hakuna habari niliyoirudia darasani kama ile ya wenye ukoma wanne katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 7. Jeshi la Washami limeuzingira mji wa Samaria. Njaa imekaza hata kichwa cha punda kinauzwa kwa vipande 80 vya fedha, na sura ya 6 ina mambo ya kutisha zaidi ambayo siyasomi mbele ya watoto. Nje ya lango wamekaa watu wanne ambao sheria imewatenga na wenzao. Wanapiga hesabu yao: tukiingia mjini tutakufa, tukikaa hapa tutakufa, heri twende kambini kwa Washami, wakituhurumia tutaishi, wakituua basi. Jioni wakaenda. Hawakumkuta mtu. Bwana alikuwa amewasikizisha Washami kishindo cha magari na farasi, wakatimua mbio, wakaacha hema, punda, vyakula na kila walichokuwa nacho.

Sasa kuna kipande ambacho wahubiri wengi hukiruka. Wale wanne hawakurudi mbio kuwaambia watu wa mjini. Waliingia hema la kwanza, wakala, wakanywa, wakabeba fedha na dhahabu na nguo, wakaenda kuzificha. Wakarudi, wakaingia hema la pili, wakachukua tena, wakaficha tena. Mji mzima unakata roho kwa njaa na wao wanaficha dhahabu. Ni baada ya hapo ndipo walipoambiana kwamba wanalofanya si jema, kwamba leo ni siku ya habari njema nao wamenyamaza. Hao ndio Mungu aliowapa kuubeba wokovu wa Samaria: wenye ukoma, na bado wana tamaa.

Kisha likaja jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mfalme alipoamshwa usiku na kuambiwa, hakuamini. Alisema Washami wamejificha porini, ni mtego. Kama si mtumishi mmoja aliyeshauri watumwe watu wenye farasi wakaangalie, Samaria ingekufa na njaa huku chakula kiko nje ya ukuta wake. Mungu alikwisha kufanya sehemu yake. Kilichobaki kilikuwa kama watu wa ndani watakubali kupokea habari kutoka kwa watu wale.

Hapo ndipo na sisi wa Muyeye tulipopimwa.

Mtu asiyeijua Malindi huiwazia kwa picha za watalii: bahari, hoteli, pizza, na ule msalaba wa mawe wa Wareno juu ya mwamba. Sisi wenyeji tunajua mengine. Tunajua unga, yaani heroini. Wazee wetu wanakumbuka ulivyoanza kuvutwa miaka ya 1980, vijana wa ufukweni wakiuonja kama starehe ya wazungu, na baadaye wakaja wa kujidunga sindano. Leo hakuna ukoo mkubwa hapa, uwe wa Waislamu au wa Wakristo, Mgiriama au Mbajuni, usio na teja wake. Tofauti ni kwamba wengine wanakiri na wengine wanasema mtoto kaenda Mombasa kutafuta kazi.

Kaka, nitamwita hivyo tu kwa kuwa ndivyo tulivyomwita kanisani, alikuwa kijana wa ufukweni zamani. Akipeleka wageni kwa boti ya kioo kutazama matumbawe, anajua Kiitaliano cha kuuzia na cha kutania, na pesa ilipokuwa nyingi ndipo unga ulipomshika. Aliuza vitu vya kwao mpaka mabati ya jiko. Ndugu zake wakamfukuza, na siwalaumu, maana kuishi na teja ndani ya nyumba ni kulala jicho moja wazi. Nilipomfahamu alikuwa tayari ameandikishwa kliniki ya methadoni iliyofunguliwa katika hospitali ya Malindi mwaka 2015. Methadoni ni dawa ya maji. Mtu anakwenda kila siku, anainywa mbele ya mhudumu, inamwondolea arosto, yale maumivu ya mwili yanayomfanya teja aibe hata kijiko, naye anaweza kufanya kazi na kulala kama watu. Haimtoi mtu unga kwa siku moja. Wengine hukaa nayo miaka.

Alianza kuja kanisani kwa ajili ya chai. Baada ya ibada tunagawa chai na mahamri chini ya mwembe, naye alikuwa akisimama kando, anangoja watoto wamalize. Baadaye akawa anaingia, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Akipita, akina mama walikuwa wakivuta mikoba yao magotini. Hawakuwa wabaya. Wengi wao walikwisha kuibiwa simu na sufuria na watu kama yeye. Lakini Kaka aliliona, na nilimwona alivyoliona. Akawa anaingia mapema kabla ya watu ili asimpite mtu yeyote. Wapo pia waumini walioiita methadoni unga wa serikali, wakasema mtu anayeinywa hajaokoka, amebadilisha muuzaji tu.

Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, mpole, mpiga kinanda. Kijana akaacha kuonekana. Mzee akatangaza yuko Mombasa, amepata kazi bandarini, tukamwombea baraka za kazi. Tuliomba hivyo Jumapili nyingi. Mama yake alikuwa akiinamisha kichwa kila maombi hayo yalipofika, nami nilidhani ni unyenyekevu.

Usiku mmoja, baada ya adhana ya isha, Kaka akapiga hodi kwangu. Hakutaka kuketi. Akasema, "Mwalimu, kijana wa Mzee hayuko Mombasa. Yuko kwenye gofu la ile hoteli iliyofungwa. Mguu umevimba, unatoa usaha, hata kusimama hawezi. Asipotolewa leo, Jumapili mtamwombea maiti."

Tukaenda kwa Mzee. Alitufungulia mlango nusu, akasimama pale pale kizingitini, hakutukaribisha. Kaka alirudia maneno yake. Mzee akamtazama, akamuuliza, "Wewe ulimwona wapi?"

"Nilikuwa huko, Mzee."

"Ulifuata nini?"

Kaka alikaa kimya kidogo. Kisha akajibu, "Alichokifuata mwanao ndicho nilichokifuata mimi."

Mzee akaanza kuufunga mlango. Sitaeleza aliyoyasema, yalikuwa maneno ya baba aliyejeruhiwa. Ila nyuma yake mama alikuwa amekwisha kujifunga leso na kushika tochi. Akampita mumewe pale mlangoni kama vile hamwoni, akamwambia Kaka, "Tangulia, mwanangu, nionyeshe." Hakuuliza kama Kaka ni mlevi au mwizi. Huyo ndiye mtumishi wa mfalme katika habari yetu.

Ningependa msomaji aone Kaka alivyoingia kwenye lile gofu. Mimi na dereva wa tuktuk tungeingia tukaivuruga kazi yote, maana wale mateja wakisikia viatu hudhani ni polisi na kila mtu hukimbilia dirisha lake. Yeye alisimama nje kwanza, akapiga mluzi fulani, akajitaja kwa jina lake la maskani, akasema yuko na mama wa mgonjwa, hakuna askari. Akatwambia tuinamishe tochi, tumulike chini tu pale anapokanyaga yeye, kwa sababu ya sindano. Akampitia huyu akamwamkia, akampitia yule akamfunika. Alipomfikia kijana alimwita kwa jina ambalo sisi hatukuwahi kulisikia, jina walilompa huko, naye akaitika. Mama alipomwita kwa jina la ubatizo hakuwa ameitika. Kaka akambeba mgongoni mpaka barabarani. Usiku ule ule hospitalini jipu lilipasuliwa, na daktari akasema mguu ungekatwa kama angechelewa zaidi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, Kaka akatembea kutoka benchi la mwisho mpaka mbele, mara yake ya kwanza. Tulitazamia aseme Bwana asifiwe kwa ajili ya kijana. Alisema hilo, kisha akaendelea. Alisema alimzika mama yake, na ndugu zake walimzuia kutia udongo kaburini, na tangu siku ile alikuwa akiruka dozi na kurudi kwenye kete. Alisema aliingia kwenye gofu lile kutafuta unga, wala hakwenda kuokoa mtu. Alisema alimwona kijana siku ya kwanza akanyamaza, kwa sababu angesema angeulizwa alikuwa huko kufanya nini. Siku ya pili pia akanyamaza. Siku aliyokuja kwangu ndiyo aliyoshindwa kunyamaza.

Kanisa lilichafuka. Mzee mwingine akasimama kusema madhabahu si mahali pa kusimulia dhambi za jana, zisimuliwe dhambi zilizokwisha. Mchungaji akamwomba aketi, akamwacha Kaka amalize. Lakini nilichokuwa nikikisikia mimi ni Wafalme wa Pili sura ya 7, hema la kwanza na hema la pili, fedha iliyofichwa kwanza, kisha yale maneno: tunalofanya si jema.

Jumatano yake, binti mmoja wa darasa la kipaimara aliniuliza swali ambalo mimi, katika kufundisha kwangu kote, sijapata kuulizwa gumu kuliko hilo. "Mwalimu, kama Kaka asingerudi kwenye unga, Mungu angemtoaje yule kijana?"

Nilimpeleka kwa Yusufu. Ndugu zake walimtupa shimoni, wakamuuza, na miaka mingi baadaye ni yeye aliyewapa nafaka wasife. Walipomwogopa baada ya baba yao kufa, Yusufu aliwaambia kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, Mwanzo 50:20. Nilimwambia binti yule aangalie kwamba Yusufu hakusema kuuzwa kulikuwa kuzuri. Aliuita ubaya kwa jina lake, na ndani ya pumzi hiyo hiyo akamtaja Mungu. Mungu hakuhitaji Kaka arudie unga. Ana njia nyingi. Lakini alimkuta Kaka pale alipokuwa, ndani ya gofu, na hakuona kinyaa kumtumia. Zaburi ya 139 inasema hata nikifanya kuzimu kitanda changu, Wewe uko. Tunaiimba tukiwa tumevaa mashati meupe, lakini aliyeandika alimaanisha kuzimu.

Binti akasema, "Basi Mungu alikuwa kwenye gofu kabla ya Kaka." Nikamwambia aandike hilo kwenye daftari lake, na mimi nikaliandika kwenye langu.

Tangu hapo nimeyasoma maandiko mengine kwa macho tofauti. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu. Yohana anautaja moto huo katika sura ya 18, kisha katika sura ya 21, baada ya kufufuka, Yesu anawangoja wanafunzi ufukweni na nini? Moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Mimi ni mtu wa pwani, nimeota moto wa namna hiyo alfajiri wavuvi wanaporudi, na najua harufu yake haifanani na kitu kingine. Sidhani Petro aliweza kuusogelea bila kukumbuka. Bwana hakumpeleka mahali pengine pasafi ili wazungumze. Alimwita pale pale penye harufu ya aibu yake, akamlisha kwanza, kisha akamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila jibu akalifunga kwa kumkabidhi kondoo.

Na kuna Yohana Marko. Huyu aliwaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia, na Barnaba alipotaka kumchukua tena, Paulo alikataa. Wakashindana vikali mpaka wakatengana, Matendo 15. Paulo, mtu aliyewahi kuwaburuta Wakristo gerezani, ndiye anayesema huyu kijana hafai. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Miaka ikapita, na katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo mfungwa anaagiza aletewe Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Mapokeo ya kanisa yanasema Injili ya Marko imetoka mkononi mwa kijana huyo. Watu hupenda kuhubiri jinsi Marko alivyobadilika. Mimi namshukuru Mungu zaidi kwa kubadilika kwa Paulo, aliyekubali mwishoni kumhitaji mtu aliyemkataa.

Hata imani yenyewe ilivyofika kwetu pwani, haikupita kwa wakubwa. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na kanisa dogo la Wareno liko hadi leo karibu na bahari, ambapo Fransisko Ksaveri alipita mwaka 1542 akielekea India. Wageni hupelekwa pale kupiga picha. Lakini Wareno waliondoka na ukristo wao ukaondoka nao. Walipokuja wamisionari wa karne ya 19, Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Yeye na Rebmann wakaanza kazi Rabai, wakahubiri miaka mingi, wazee wa kaya wakawasikiliza kwa adabu na kurudi kwenye shughuli zao. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, mwaka 1851, akiwa mahututi. Mtu ambaye hakuweza kwenda vitani, wala kupanda mnazi, wala kukaa na wakubwa. Fikiria wamisionari waliovuka bahari, na tunda la kwanza analowapa Mungu ni mlemavu anayekufa. Krapf hakulidharau. Ni katika mambo yanayonifanya nimheshimu.

Kisha wakaja watoro. Mashamba ya Malindi wakati ule yalilimwa na watumwa, na waliotoroka walikimbilia bara, katika nchi ya Wagiriama. Huko Fuladoyo ukasimama mji wa watoro waliokuwa wakisali. Watumwa waliokimbia mabwana zao, watu wasio na ukoo, ndio waliokuwa kanisa. Mwaka 1883 wenye watumwa waliuvamia, na kiongozi wao David Koi akauawa. Nikiwasimulia vijana wetu habari hii hushangaa, wanadhani kanisa la pwani lilianza na askofu na jengo.

Nimesema namna hii sehemu nyingi, na sehemu nyingi nimekatizwa na swali ambalo ni la haki kabisa, hasa hapa Malindi: je, mafundisho haya si ndiyo kichaka cha wachungaji waovu? Aprili 2023 makaburi ya Shakahola yalianza kufukuliwa, si mbali na sisi. Miili zaidi ya 400. Watu waliambiwa na mhubiri mmoja, kule msituni, wafunge mpaka wafe wakamwone Yesu. Mochari ya Malindi ilijaa, na upepo ukigeuka mji mzima ulijua. Kabla ya hapo na baada ya hapo nimewasikia watumishi wakisema "hata Daudi alianguka" walipoulizwa kuhusu pesa za wajane, na "msiwaguse masihi wangu" walipoulizwa kuhusu mabinti.

Jibu langu ni kwamba Biblia ile ile iliyosema Daudi alianguka ndiyo iliyomtuma Nathani kwake na neno, wewe ndiwe mtu huyo. Mungu anayemtumia mkosaji haifichi dhambi yake. Kaka alisimama mbele ya watu akaisema mwenyewe, hata ile sehemu ambayo hakuna angeijua, zile siku mbili za kunyamaza. Anayejificha nyuma ya Daudi huwa hataki kuisema yake. Na wenye ukoma wa Samaria walikuwa nje ya lango, hawakuwa wamekalia kiti cha enzi na kuwanyima wengine chakula. Mtu aliyekataliwa na mtu anayewakataa wengine wasiwekwe kapu moja kwa sababu tu wote wawili wana dhambi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu Shakahola ilitugusa mtaani kwetu.

Kuna mama mmoja jirani ambaye dada yake na watoto wa dada huyo walimfuata mhubiri yule msituni. Alitoa sampuli yake kwa ajili ya vipimo vya DNA akangoja, na katika kungoja akawafungia mlango wachungaji wote. Walikuja wengi, wengine wa nia njema, na Biblia na unga wa ugali. Hakumfungulia hata wetu. Alisema mchungaji ndiye aliyemuulia ndugu zake, asione tena mtu mwenye Biblia kizingitini pake.

Aliyefunguliwa alikuwa Hawe. Hawe ni neno letu Wagiriama la bibi, na bibi huyu alikuja Muyeye kutoka bara, upande wa Magarini, usiku, baada ya mganga kupiga bao na kumtaja kuwa ndiye aliyemuua mjukuu wa ndugu yake. Katika kaunti yetu ya Kilifi mvi zimekuwa hukumu. Wazee wanauawa na watoto wa ndugu zao, na mara nyingi ukichimba unakuta nyuma ya uchawi kuna shamba. Pale Kaya Godoma, Ganze, kuna kituo kinachowahifadhi waliokimbia. Hawe alimkimbilia binti wa dadake hapa mtaani. Alikuja kanisani, akakaribishwa kwa mdomo, ila ilikuwa akileta muhogo wa nazi kwenye chai ya Jumapili, sufuria lake lilirudi limejaa kama lilivyokuja. Mke wangu alikuwa akila, na baada ya muda watoto wakafuata.

Hawe anashona makuti ya kuuza. Anakunja jani la mnazi juu ya kijiti, analishona, anakunja jingine, mkono hauangaliwi. Alichukua makuti yake akaenda kukaa barazani kwa yule mama, akashona. Hakugonga. Hakusali kwa sauti. Kesho akaenda tena. Mama akamtazama dirishani siku kadhaa kabla ya kutoka na kumuuliza anataka nini. Hawe akamwambia, "Kivuli chako ni kizuri, mwanangu, kwangu jua linapiga." Baadaye wakawa wanashona pamoja. Mama alijua habari za Hawe, mtaa mzima ulijua, na aliniambia mwenyewe baadaye kwamba ndiyo sababu alitoka. Alisema, "Huyu alifukuzwa na watu waliosema wanasafisha mji. Dada yangu aliuliwa na mtu aliyesema anamsafisha. Kwa nini nisimsikilize?"

Miili ilianza kukabidhiwa jamaa Machi 2024. Zamu yake ilipofika, mama alimwomba Hawe aende naye hospitalini, na kaburini akaomba ni Hawe atakayeomba. Mchungaji wetu alisogea pembeni akamshikia Hawe mkongojo. Bibi aliomba kwa Kigiriama, maneno machache, akamwambia Mungu awapokee hawa watoto walio na njaa na awape chakula. Sijasikia maombi ya mazishi yaliyo sahihi kuliko yale. Wapo waliokuwa pale ambao hawakuwahi kuugusa muhogo wake, na walisema amina.

Nasikitika kwamba hili halijaubadilisha mtaa wote. Hawe bado hawezi kurudi kwake Magarini, na shamba lake linalimwa na wale wale. Mzee hajamshukuru Kaka mpaka leo. Humwamkia, huishia hapo. Kijana alipona mguu, akaandikishwa kliniki, na asubuhi wanakwenda pamoja yeye na Kaka kunywa dozi, mara nyingine wanapita dukani kwangu wakirudi. Amerudia kinanda. Kaka mwenyewe hajaruka dozi tangu siku ile ya ushuhuda, kwa maneno yake na ya wahudumu wake.

Sasa Kaka ameomba mambo mawili kwa baraza la kanisa: abatizwe, na aruhusiwe kwenda maskani na wenzake wawili kwa jina la kanisa, wakabebe wagonjwa na kuwapeleka kliniki. Baraza limegawanyika. Wanaopinga wanasema asubiri kwanza amalize methadoni, na kama itachukua miaka, basi asubiri miaka, kanisa lisijulikane kwa mateja. Nimewaambia kwamba ubatizo wa Mringe haukungoja miguu yake inyooke, na kwamba katika kanisa letu hakuna mtu mwingine anayeweza kuingia kwenye lile gofu akaitikiwa. Wamenijibu kwamba nina huruma nyingi.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Mama wa kijana, ambaye si mjumbe na hajawahi kusema neno katika mkutano wowote wa kanisa, ameandika barua kuomba asikilizwe siku hiyo kabla ya kura kupigwa. Mchungaji amekubali.